Umeme ulikatika, tukadhani mashine imezimwa

Umeme ulikatika saa nane na nusu mchana, siku ya Alhamisi ya mwezi Julai, katikati ya msimu. Nakumbuka nilifurahi.

Kiwanda chetu ni cha kukamua alizeti, hapa Dodoma, upande wa Kizota. Msimu ukifika, malori yanapanga foleni tangu alfajiri: alizeti ya Kondoa, ya Kongwa, ya Mpwapwa, nyingine kutoka Singida, na hakuna anayetaka kusikia habari ya kusimamisha mashine. Kwa siku tatu beringi ya mwisho wa skrubu ilikuwa inalia hadi unaisikia getini. Skrubu ni ule mhimili mrefu wenye bapa la chuma lililojizungusha, unaolala ndani ya mfereji wa bati na kusukuma mbegu kutoka shimoni hadi kwenye jiko la kuzipasha moto kabla ya kukamuliwa. Nilishaomba saa moja tu ya kuibadilisha beringi ile, nikaambiwa nisubiri. Kwa hiyo taa zilipozimika na kiwanda kizima kikanyamaza, nilimwita kijana wangu nikamwambia, "Lete spana na pula. Mungu ametupa nafasi."

Fundi yeyote anayesoma hapa anaijua tabia hiyo. Umeme ukikatika ndipo tunapokimbilia mashine. Tumezoea kuhesabu kukatika kwa umeme kama ruhusa ya kuingiza mikono. Naandika haya kwa sababu ya tabia hiyo, maana nimeiona kwenye mashine za kusaga, kwenye karakana za mbao, kwenye visima vya maji, na kwa miaka mingi niliifanya mimi mwenyewe bila kuogopa hata siku moja.

Tulifungua mfuniko. Kijana alipiga goti, akaanza kuondoa kwa mkono maganda yaliyokuwa yameshindiliwa kuzunguka mhimili, mimi nikawa nafunga pula, kile kifaa cha kuvutia beringi itoke, kwenye beringi upande wa pili. Tulikuwa tunazungumza kuhusu mpira. Umeme ulirudi.

Skrubu ilizunguka mara mbili, labda tatu. Swichi ilikuwa kama hatua nane kutoka pale tulipokuwa. Nilikimbia, nikaishusha, na niliporudi kijana alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, hapigi kelele. Alikuwa ananitazama tu, kama anayesubiri nimwambie kilichotokea. Usiku ule madaktari walilazimika kuondoa kidole cha shahada na cha kati. Alikuwa na miaka 22.

Sasa niseme kwa nini mashine iliwaka yenyewe, maana hapo ndipo kosa langu lilipo.

Mashine ya namna ile huwashwa kwa kontakta, swichi inayoshikiliwa na sumaku ya umeme. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili, ule waya uliosokotwa unaofanya sumaku hiyo, inavuta na umeme unapita kwenda kwenye mota. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, na hata umeme ukirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kitufe tena. Ulinzi huo umejengwa ndani ya kontakta kwa ajili ya siku kama ile. Lakini mwezi Aprili koili ya kontakta yetu iliungua. Ya kubadilisha ilikuwa itoke Dar es Salaam. Meneja aliniuliza kama tunaweza kufanya kazi hivyo hivyo kwa siku mbili, nikasema tunaweza. Nilichonga kipande cha mti, nikakisukuma kwenye kontakta ili ibaki imeshikana muda wote, nikafunga na waya, na tangu siku hiyo tukawa tunawasha na kuzima skrubu kwa swichi ya mkono iliyo ukutani. Siku mbili zikawa miezi mitatu. Siku ya ajali, umeme ulipokatika, swichi ya ukutani ilibaki imepanda. Hakuna aliyeishusha. Mashine haikuwa imezimwa, ilikuwa imekosa umeme tu.

Nilikiondoa kile kipande cha mti jioni ile ile kwa mikono yangu. Ninacho mpaka leo kwenye sanduku la vifaa.

Kilichofuata sikijivunii. Siku ya pili niliitwa ofisini, nikakuta taarifa imeshachapwa. Ilisema mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine bila kuhakikisha imezimwa. Kila neno lake lilikuwa na ukweli kidogo, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo, kwa sababu aliyemwambia aingize mkono ni mimi, na aliyeiharibu swichi ni mimi. Nina watoto watatu shuleni. Nilisaini.

Jumapili mama yake alikuja kutoka kijijini, huko Chamwino. Nilimkuta wodini amekaa kwenye benchi, ameweka kando kikapu cha karanga na unga wa uwele. Nikainama kidogo, nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama." Akaitikia vizuri tu. Wakubwa wa kazini waliokuwa wametangulia kufika walikuwa wakimfariji kwa maneno tunayoyasema sote: ajali haina kinga, tumshukuru Mungu uhai upo. Aliwasikiliza wote. Walipoondoka akanigeukia akasema, "Baba, mimi kiwanda sikijui. Mtoto nilikukabidhi wewe."

Jumatatu nilirudi ofisini, nikaomba karatasi, nikaandika maelezo mapya, pamoja na habari ya kile kipande cha mti. Nilidhani nitafukuzwa. Nilipewa onyo la maandishi na nikakatwa mshahara wa nusu mwezi. Ni bei ndogo sana kwa kulinganisha na aliyolipa yule kijana, na ninamshauri kila mtu aliye kwenye nafasi kama ile asisaini chochote siku ya kwanza, kichwa kikiwa bado kinavuma. Omba usiku mmoja.

Kuhusu fidia nitasema kwa ufupi. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake analipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Tatizo la kijana wetu ni kwamba alikuwa kibarua wa msimu, hana mkataba wa maandishi, na jina lake halikuonekana kwenye orodha ya mishahara. Tulihangaika miezi minne. Kilichomsaidia ni ujumbe wa malipo kwenye simu yake: kila wiki alilipwa kwa simu kutoka namba ile ile, na hakuwa ameufuta. Wewe kibarua unayesoma hapa, usifute ujumbe huo. Piga picha kitambulisho chako cha getini, na andika tarehe uliyoanza kazi mahali ambapo hapapotei.

Mwezi wa Agosti alitutembelea shemeji yangu, mume wa dada, aliyefanya kazi migodini Kanda ya Ziwa kwa miaka tisa. Nilimsimulia yote tukiwa tunakula. Nilitegemea aniulize kuhusu kontakta. Aliuliza jambo moja: "Ufunguo ulikuwa mfukoni kwa nani?"

Nikamwuliza ufunguo gani.

Akaniambia kule alikotoka hakuna fundi anayegusa mashine bila kufuli lake mwenyewe. Unashusha swichi kubwa ya mashine, siyo kitufe cha kusimamisha, ile swichi inayokata njia ya umeme wenyewe. Unaifunga na kufuli ikiwa imeshuka. Ufunguo ni mmoja na unakaa mfukoni mwako mpaka umalize. Kwenye kufuli kunaning'inia kibao chenye jina lako, tarehe, na kazi unayofanya. Mkiwa watu watano, yanafungwa makufuli matano kwenye kishikizo kimoja chenye matundu, na mashine haiwezi kuwaka mpaka wa tano aondoe la kwake. Akasema Marekani jambo hili liliwekwa kwenye kanuni za usalama kazini mwaka 1989, na kwamba makampuni ya migodi yanalifuata kama wanavyofuata uvaaji wa kofia ngumu. Mimi nilikuwa na miaka 16 kwenye ufundi, nikiwa na cheti, na hakuna siku nilikuwa nimeona kufuli kwenye swichi isipokuwa la kuzuia wezi wa umeme.

Nilimwuliza kwa nini kibao peke yake kisitoshe. Alijibu kwamba kibao ni maneno, na usiku wa msimu hakuna anayesoma. Nimeyaona hayo kwa macho yangu baadaye: mtu alikisogeza kibao pembeni kwa upole, ili apate nafasi ya kupandisha swichi. Kufuli ndilo lililomzuia.

Makufuli nane yalinigharimu Sh 52,000 sokoni Majengo. Hakikisha kila moja lina ufunguo wake na hakuna funguo zinazoingiliana. Mimi mara ya kwanza niliuziwa mawili yanayofunguliwa na ufunguo mmoja, na niligundua kwa sababu nilijaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli nikiwa dukani pale pale. Niliyapaka rangi nyekundu yasije yakachukuliwa kufungia stoo. Vishikizo vya matundu nilichongewa na fundi wa kuchomelea kwa mabaki ya chuma. Kazi ngumu ilikuwa swichi zenyewe: nyingi zilikuwa za zamani, hazina tundu la kufuli. Mbili tulizibadilisha, nyingine tulizitengenezea kisanduku cha chuma kinachofunika mkono wa swichi. Pale ambapo kuna sakiti breka tu kwenye paneli, zile swichi ndogo zinazojikata umeme ukizidi, kuna kishikizo kidogo maalumu kinachobana ule ulimi usipande. Kiliagizwa Dar es Salaam kikafika kwa basi.

Bosi alipoona bei ya zile swichi mbili alilalamika. Sikubishana naye. Nilimwonyesha hesabu za siku ile ya ajali: hospitali, usafiri, siku mbili za kiwanda kusimama, malori yaliyogeuza na kwenda kwa jirani. Nikamkumbusha pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na kwamba OSHA, wakala unaoisimamia, wako hapa hapa mjini. Alitia saini.

Nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza, na sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe polepole.

Mwezi Oktoba tulikuwa tunakaza mkanda wa eleveta, ule mnara wenye ndoo ndogo ndogo zinazopandisha mbegu juu. Safari hii nilifanya yote. Swichi imeshuka, kufuli langu lipo, ufunguo mfukoni, nimejaribu kuwasha na haikuwaka. Nikamwambia mwenzangu alegeze boliti za juu. Alipolegeza, mkanda mzima ulirudi nyuma kwa kishindo, ndoo zikapiga bati kama mvua ya mawe, na bapa la ndoo moja likapita karibu na uso wangu kiasi cha kuhisi upepo wake. Hakukuwa na umeme hata chembe. Ndoo za upande mmoja zilikuwa zimejaa mbegu, za upande wa pili tupu, na uzito ule ulikuwa umekaa juu siku nzima ukisubiri mtu aufungulie njia.

Nilikaa chini nusu saa. Siku ile ndipo nilipoelewa maneno ya shemeji ambayo sikuwa nimeyatilia maanani, kwamba umeme ni nguvu moja tu kati ya nyingi. Chochote kilichoinuliwa kinataka kushuka. Springi iliyobanwa inataka kufunguka. Upepo wa kompresa unabaki kwenye tangi na kwenye mabomba hata mota ikiwa imefungwa kufuli mbili. Gurudumu zito la kinu linaendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa, kimya kimya. Mvuke unaopasha lile jiko letu unabaki kwenye mabomba yake, na vali moja iliyofungwa inaweza kuwa inavuja bila wewe kujua.

Sasa kabla ya kugusa eleveta tunaiacha izunguke tupu mpaka ndoo zote zimwage, na bado tunaifunga mnyororo na kupitisha nondo. Vali ya mvuke tunaifunga, tunazungusha mnyororo kwenye usukani wake na kutia kufuli, kisha tunafungua vali ya chini tuone kwa macho kwamba hakuna kinachotoka. Tangi la upepo tunalitoa upepo mpaka mshale ushuke sifuri, na bomba la kutolea tunaliacha wazi muda wote wa kazi.

Kuna vile visanduku vipya vya kurekebisha mwendo wa mota, wengi tunaviita inveta. Hivyo nimevikuta vikiwa na madhara ya kipekee. Ukikata umeme wa volti 400, ndani yake kuna kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, ambazo zilikuwa zimejazwa zaidi ya volti 500, na zinachukua dakika kadhaa kuisha. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kifuniko. Soma, subiri, kisha pima.

Na kupima ni somo lenyewe. Mafundi wengi tunabeba bisibisi ya taa. Taa isipowaka tunasema hakuna umeme, wakati huenda taa yenyewe imekufa. Nilifundishwa kutumia mita, na kwa mpangilio ambao siuachi tena: naijaribu kwanza kwenye umeme ninaojua upo, naona inasoma, napima pale ninapotaka kufanya kazi, laini zote tatu, kila moja na mwenzake na kila moja na ardhi, kisha narudi kwenye ule umeme wa kwanza kuhakikisha mita haijafa katikati. Inachukua dakika mbili. Baada ya hapo nabonyeza kitufe cha kuwasha, mbele ya wote wanaofanya kazi, waone mashine haiondoki. Halafu nakirudisha au naishusha swichi yake, ili isije ikabaki imesubiri.

Usisahau jenereta. Kiwandani kwetu siku hizi inajiwasha yenyewe sekunde chache baada ya umeme wa TANESCO kukatika. Ukifunga kufuli kwenye njia ya TANESCO peke yake, njia ya jenereta iko wazi nyuma yako. Ndiyo maana tunafunga kwenye swichi ya mashine husika, karibu na mota, ambapo njia zote zimeshakutana.

Ugumu mkubwa haukuwa vifaa, ulikuwa watu. Vijana waliona kufuli kama dalili kwamba siwaamini. Wengine waliniachia mimi nifunge kwa niaba yao, nikakataa, kwa sababu kufuli langu linalinda mikono yangu tu. Mzee mmoja wa zamu ya usiku aliniambia amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa na vidole vyake vyote vipo. Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, ndivyo nilivyokuwa nasema na mimi mpaka Julai." Hakujibu, lakini wiki iliyofuata alikuja kuchukua kufuli.

Kijana alirudi kazini mwezi wa Februari. Nilimwomba msamaha nyumbani kwao, mbele ya mama yake, na alinisamehe kwa haraka kuliko nilivyoweza kujisamehe. Hakutaka kukaa karibu na skrubu, na hakuna aliyemlazimisha. Yuko mzani, na amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Yeye pia ndiye anayeshika daftari la makufuli: nani kafunga, saa ngapi, nani kafungua.

Msimu uliopita, usiku mmoja wa Juni, tulimaliza kubadilisha mkanda wa mashine ya kukamua, kila mtu akatoa kufuli lake, likabaki moja. Mwenyewe alikuwa ameshamaliza zamu na kwenda kwao Nkuhungu, ufunguo mfukoni. Nje kulikuwa na malori saba. Mkuu wa zamu alisema tulikate, mkasi wa chuma upo stoo. Nilikataa. Tukakagua mashine yote kwa tochi, chini na nyuma, tukaita majina, halafu nikampigia simu. Alikuwa amelala. Nikamtumia nauli ya bodaboda.

Tulisubiri dakika 50. Madereva walilalamika getini, meneja alipiga simu mara tatu, na mara tatu nilimweleza kitu kile kile. Alifika amevaa koti la baridi juu ya nguo za kulalia, akaomba radhi kwa kila mtu, akafungua kufuli lake kwa mkono wake. Kijana akamwita kwenye mzani, akamgeuzia daftari asaini, kisha akaandika pembeni, taratibu, kwa ule mkono wa kushoto: saa 5:20 usiku, yote yametoka.

Ndipo nikapandisha swichi.